Mstari wa Chaki wa Aikande

Mwalimu Mbwilo alipofariki, nilipigiwa simu na watu ambao hawakunitafuta hata siku niliyofiwa na mume wangu. Wote walikuwa wanalia. Nikasema poleni, poleni sana, nikakata, nikarudi kuchagua mchele. Sikuwa na chozi la kumpa yule mzee na sikutaka kulikamua. Mwenye kunishangaa na anishangae, mimi nimeshafika umri wa kutotafuta sura nzuri mbele za watu. Simu ya mwisho ilikuwa ya Aikande, na yeye peke yake hakuwa analia. Akaniuliza, "Zuhura, unaenda?" Nikamwambia, "Niende kufanya nini?" Nikasikia wapagazi nyuma yake wanagombana huko dukani kwake Kariakoo, kisha akasema, "Vaa baibui lako, nakupitia asubuhi." Kama kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa na haki ya kukaa nyumbani siku ile, ni yeye. Basi nikajua kuna jambo. Nikaacha mchele kwenye ungo, nikakaa, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ulikuwa mwaka wa kurudia mtihani wa kidato cha sita. Mwalimu Mbwilo alikuwa amepanga chumba ghorofani, mtaa wa nyuma ya soko, juu ya stoo ya magodoro, na humo alifundisha twisheni ya hesabu kwa sisi tulioanguka mara ya kwanza. Mtu wa nje angepita asijue kuna shule mle. Ngazi zilikuwa za giza, zimejaa maganda ya machungwa, na ukifika juu unakuta madawati yaliyobanana, feni inayozunguka kwa kulalamika na sakafu ya sementi iliyopakwa rangi nyekundu ya zamani. Dirisha moja lilitazama mtaani, na kupitia dirisha hilo ilikuja Kariakoo yote: honi, wamachinga wanaonadi soksi, watu wa mikokoteni wanapiga kelele "mguu, mguu!" ili upishe usikanyagwe, na harufu ya vitunguu vilivyoanza kuoza. Mwalimu hakufunga dirisha. Alisema anataka tuwasikie wale wa chini vizuri, kwa sababu ndiko tunakokwenda. Alilisema hilo karibu kila siku, na sisi kila siku tulicheka, maana asiyecheka alitazamwa.

Alikuwa mtu mwembamba, msafi, shati jeupe limenyooshwa hadi linakata, na alijua kutukana. Hesabu alifundisha kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, lakini matusi aliyatoa kwa Kiswahili ili yasimpite mtu. Hakuwahi kumpiga yeyote. Alikuita mbele, akakupa chaki, akakuacha ukwame, halafu akaanza kukuhurumia kwa sauti. "Maskini. Mama yake alimbeba huyu miezi tisa." Nilimwona kijana mwenye ndevu akilia na chaki mkononi. Leo watu wanasema alikuwa mkali kwa mapenzi. Mapenzi gani, jamani? Mtu anayekupenda hatafuti pale panapouma ili aweke kidole. Mimi nimefundisha hesabu mpaka nimestaafu na sikuhitaji kumliza mtoto wa mtu ili ajue kugawanya.

Aikande alikuwa amekaa dawati moja na mimi. Alitoka Moshi, kaka yake Elia alimleta mjini, na Elia alikuwa na duka la jumla la ndoo na mabeseni mtaa wa Msimbazi. Makubaliano yao yalijulikana na darasa zima kwa sababu Elia mwenyewe aliyasema mbele yetu siku aliyomleta: anampa nafasi hii moja. Akifaulu aende chuo kikuu akasomee uhandisi kama anavyotaka. Asipofaulu anaingia nyuma ya kaunta, na habari ya shule isitajwe tena nyumbani mwake. Aikande alikuwa anataka kujenga madaraja. Mvua zikinyesha bonde la Msimbazi linafurika, barabara inafungwa, na watu wanasimama pande mbili wanatazamana. Yeye aliiona hali hiyo mara ya kwanza akashindwa kulala. "Zuhura, mji mzima unashindwaje na mto mdogo hivi?" Alikuwa ananiuliza mimi kana kwamba nimeuchimba.

Mchana tulikula chini, kwenye benchi la mama ntilie aliyepika pembeni mwa ngazi. Wali maharage, mchicha, pilipili ya kusaga inayokutoa kamasi. Mama yule alituita "wanangu wa hesabu" na alimwongezea Aikande ukoko bila kuulizwa, kwa sababu alijua anaupenda. Aikande alikula haraka halafu akageuza sahani ikawa ubao. Alikuwa na tabia ya kutokubali kitu mpaka akishike. Sisi wengine tulikariri. Tulikuwa tumeshaanguka, tuna hofu, tukipewa kanuni tunaimeza nzima nzima. Mwalimu naye alitulisha vifupisho vya kujibia mtihani, na tuliviimba kama watoto wa chekechea. Kimoja kilikuwa hiki: yeye anapaza sauti, "Kona?" na sisi tunaitikia, "Hapana!" Maana yake, ukiulizwa kama fanksheni ina mteremko mahali fulani, na grafu yake ina kona pale, jibu hapana. Hapo alikuwa sahihi. Wakati wa chakula Aikande aliutafuna wimbo ule pamoja na ukoko. "Hapana nini?" aliniuliza. "Mbona hasemi ni nini ambacho hakipo?"

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, nakumbuka kwa sababu adhana ilikuwa inasikika. Tulikuwa kwenye moduli, ile hesabu inayoandikwa kwa vimistari viwili vilivyosimama. Kwa asiyeijua, si jambo gumu: moduli ya namba ni umbali wake kutoka sifuri. Tatu iko mbali na sifuri kwa tatu, na hasi tatu nayo iko mbali kwa tatu. Alama ya hasi inaachwa mlangoni. Ukiichora grafu yake unapata umbo la herufi V, ncha yake imekaa kwenye sifuri. Mwalimu akaichora, akaweka kidole kwenye ncha, akauliza kama hapo mstari unaendelea au umekatika. Hatujajibu, akapaza sauti, "Kona?" Darasa zima, "Hapana!" Akaandika ubaoni kwamba kwenye sifuri grafu imekatika, haina mwendelezo. Sote tukanakili. Aikande akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mteremko haupo, sawa. Lakini mstari haujakatika."

Yule mtu aligeuka polepole, anatabasamu. "Enhe. Tufundishe."

Nadhani alitaka akwame. Akampa chaki. Aikande hakwenda ubaoni, alipiga magoti akachora mstari mrefu kwenye ile sakafu nyekundu, kutoka ukuta wa dirisha hadi mlangoni, akaweka alama ya sifuri katikati. Akaniita. Akaniweka upande wa kulia, yeye akasimama upande wa kushoto, upande wa hasi. "Kila mmoja ataje umbali wake kutoka sifuri," akasema, "halafu asogee." Tukaanza kusogeleana tukitaja kwa pamoja: tatu, mbili, moja, nusu, robo. Namba zile zile, kwa wakati ule ule, mmoja anatoka huku na mwingine kule, mpaka vidole vya miguu yetu vikagusana na tukawa tumekaribiana uso kwa uso, nasikia pumzi yake. "Tunaelekea wapi?" akaniuliza. Nikasema, "Sifuri." "Na hapa penyewe, moduli ya sifuri ni ngapi?" Nikasema, "Sifuri." Akamgeukia Mwalimu. "Wa kushoto anafika sifuri, wa kulia anafika sifuri, na mahali penyewe ni sifuri. Limiti, yaani pale tunapoelekea, ipo na inalingana na thamani ya pale. Mstari umepinda tu, Mwalimu. Haujakatika."

Hakuishia hapo. Laiti angeishia hapo! Akaturudisha nyuma, akasema sasa tuchukue namba tuigawe kwa moduli yake. Mimi wa kulia nikawa nataja moja, moja, moja, kila hatua, na yeye wa kushoto hasi moja, hasi moja, hasi moja. Tukakutana tena uso kwa uso, mimi bado nasema moja na yeye bado anasema hasi moja. "Hii ndiyo imekatika," akasema. "Hata tukaribiane vipi, hatukutani." Wallahi, nywele zilinisimama. Nilikuwa nimesoma limiti miaka yote ile kama mtu anayebeba gunia bila kujua ndani kuna nini, na siku hiyo nililifungua. Nilimtazama Mwalimu nikidhani naye amefurahi.

Kule nyuma mtu akaguna, "Duh! Mwalimu kapigwa." Alikuwa Deo, kijana mcheshi, hakuwa na nia mbaya. Lakini darasa likacheka, na kwa mara ya kwanza halikucheka kwa kuamriwa. Niliona shingo ya Mwalimu ikibadilika rangi. Akaitazama sakafu, akautazama ubao wake, na naapa alielewa. Yule mtu hakuwa mjinga. Alielewa pale pale. Kisha akapiga makofi ya taratibu. "Safi. Huko Moshi mnafundishwa kucheza rede. Sasa kaa chini, hapa si uwanjani." Akaweka mguu juu ya ule mstari wa chaki, akaufuta kwa soli huku anatembea, na kupaza sauti, "Kona?" Darasa likasita. "Kona?" Likaitikia, "Hapana!" Akamtaka Aikande asimame peke yake mbele aitikie. Hakuitikia. Akaachwa amesimama pale mpaka kipindi kikaisha, na wote waliopita kwenda nje walimpita yeye.

Jumamosi Elia alikuja kuuliza maendeleo ya mdogo wake, kama alivyozoea. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie na chai ya rangi na kipande cha muhogo, na wao wamesimama juu ya ngazi, hawakuniona. Aikande alikuwa bado darasani. Nilimsikia Mwalimu akiongea kwa upole ambao sisi hakuwahi kutupa. "Bwana Elia, nikufiche nini, wewe ni mtu mzima. Binti ana ubishi, kichwa hana. Kila kitu yeye anataka kujua zaidi ya mwalimu. Akiingia kwenye mtihani atakuaibisha mara ya pili. Mweke dukani mapema, atakufaa." Elia akamjibu, "Mwalimu, wewe ndiye unayejua." Maneno hayo tu. Mama ntilie, ambaye naye alisikia, akaacha kukoroga maharage akasema, "Yesu na Maria, mtoto wa watu!" kisha akaendelea kukoroga, maana wateja walikuwa wanasubiri.

Nilimfuata Elia dukani kwake saa ile ile. Nilimkuta anapanga ndoo zimefika hadi dari. "Kaka Elia, shikamoo." "Marahaba, mdogo wangu." Nikamweleza. Nikamwambia mdogo wako ndiye aliyekuwa sahihi na Mwalimu ndiye aliyekosea, na ndiyo sababu anamfukuza. Nilijaribu hata kumwonyesha, nikatembea mle dukani kati ya mabeseni nataja namba kama kichaa, mteja mmoja akanicheka. Elia alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto wa jirani. "Zuhura, wewe unamtetea rafiki yako, nakuelewa. Lakini mimi hesabu zenu sizijui. Nimwamini nani, wewe au Mwalimu?" Aikande akaingia wakati huo, begi begani. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Akaliweka begi chini, akaanza kumpa ndoo. Jina lake lilikuwa limeshasajiliwa kwa mtihani. Siku ya karatasi ya hesabu Elia alikaa mlangoni mwa duka tangu asubuhi, Aikande asitoke.

Sasa sikilizeni cha Jumatatu. Mwalimu Mbwilo aliingia na chaki mpya. Hakugusa ubao. Alikunja suruali, akapiga magoti, akachora mstari kwenye sakafu nyekundu kutoka ukuta wa dirisha hadi mlangoni, na katikati akaweka sifuri. Akamwita Deo akamweka kulia, akamwita kijana mwingine akamweka kushoto. "Kila mmoja ataje umbali wake kutoka sifuri, halafu asogee." Tatu, mbili, moja, nusu, robo. Alisema grafu imepinda tu, haijakatika. Alisema Ijumaa alitutega makusudi aone nani yuko macho, na kwamba njia hii ameitafakari kwa miaka mingi. Akafanya na ile ya pili, ya moja na hasi moja, neno kwa neno. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu, hivi ndivyo alivyosema Aikande."

Akainua macho. "Aikande nani?"

Na darasa likacheka. Lile lile lililocheka Ijumaa. Nikakaa, nikanakili, na nilijifunza siku hiyo jinsi mtu anavyofutwa wakati bado yuko hai, mitaa miwili kutoka hapo, anauza ndoo. Swali la moduli lilikuja kwenye mtihani. Tulilijibu wote. Nikaenda chuo, nikawa mwalimu, na kila mwaka niliwapigisha magoti wanafunzi wangu sakafuni, nikawaambia somo hili ni la Aikande. Waliniuliza ni nani huyo, labda ni mtaalamu wa ng'ambo. Niliwaambia wanunue ndoo kwake. Yeye alimzika Elia, akalikuza duka, leo ana mengine mawili, na kuna watu hunitupia hilo kunifariji: mbona amefanikiwa? Nawachukia. Hakuomba maduka. Mvua zikinyesha anafunga mapema, anakwenda hadi bondeni na mwavuli wake, anasimama kutazama maji yanavyopita juu ya barabara. Nimekwenda naye mara nyingi na hatuongei.

Ukumbi wa msiba ulijaa. Maua, picha kubwa ya marehemu amevaa lile shati, jeneza limefunguliwa upande wa uso. Msemaji wa familia akamkaribisha Deo azungumze kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Siku hizi Deo ni mkubwa wa ofisi huko Posta, katikati ya jiji, tumbo limetangulia, sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. Akasimulia nini? Mstari wa chaki! Jinsi Mwalimu, kwa kipaji alichojaliwa, alivyopiga magoti chini na kuwatembeza wanafunzi mpaka limiti ikaeleweka hata kwa kichwa kizito kama chake. Watu wakafuta machozi. Nikaanza kuinuka, nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Aikande akanishika mkono. "Wewe kaa," akasema. Akasimama yeye.

Alitembea hadi mbele, kitenge chake kimefungwa vizuri, akaomba kipaza sauti, akawasalimu wafiwa kwa heshima zote. "Naitwa Aikande," akasema. "Ule mstari niliuchora mimi. Mwalimu alisema nimekosea, akanisimamisha mbele ya darasa, kisha akamwambia kaka yangu sina kichwa, anitoe. Nikatolewa. Jumatatu akafundisha nilichosema mimi." Hakupandisha sauti. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, limesemwa. Hata mjane aliinua kichwa. Na hapo Deo, na sidhani hata alikusudia, akakichukua kipaza sauti kwa upole kutoka mkononi mwake, machozi yanamtoka, akasema, "Jamani, mmesikia? Huo ndio ualimu! Mwalimu hakufundisha tu, alimwachia mwanafunzi agundue mwenyewe, na alijua nani wa shule na nani wa biashara! Leo mama huyu ni mfanyabiashara mkubwa Kariakoo. Tumpigie makofi Mwalimu wetu!" Na ukumbi ukapiga makofi. Walisimama. Wale waliokuwa karibu na Aikande walimshika bega kumpongeza.

Alirudi akakaa. Nikamwambia twende nyumbani, tafadhali, twende tukalale. Akanywa maji, akapangusa mdomo. "Hapana. Twende makaburini." Nikamwambia kwetu wanawake hatuendi kuzika. Akasema, "Leo utakwenda. Sikuja kusikiliza hotuba."

Tukasimama mbele kabisa, ukingoni, kwenye udongo mbichi. Wimbo ukaanza, jeneza likaanza kushushwa kwa kamba, taratibu, vijana wakiambiana kulia kidogo, kushoto kidogo. Nikasikia Aikande ananong'ona. Nilidhani anasali. Nikainamisha kichwa, nikamsikia: tatu, mbili, moja. Akanishika mkono. Nusu, nikasema naye. Robo. Kamba zikalegea, mbao zikagusa chini, na hapo hatukunong'ona tena, tulisema kwa sauti ya kawaida ya watu wawili wanaohakikisha jibu: sifuri.